Ziwa Lilipotuingiza Jikoni

18 Februari

Mume wangu Pitchou amerudi na mbabula, jiko lake la makaa, kichwani, amelowa mpaka kiunoni. Ziwa limekula kibanda chake cha kazi. Juzi lilikuwa linalamba nguzo, leo nguzo hazipo. Hapa Kalundu, chini ya barabara yote ni maji, watu wanapita na mtumbwi mahali palipokuwa na milango.

Vyombo vyake ameviingiza jikoni kwangu. Nimemwambia hapa pana nafasi ya mtu mmoja na sufuria mbili.

"Ni siku kidogo tu, mama Noella. Maji itarudi."

Akasogeza sufuria zangu, akaweka zake. Nimeanza kuandika kwa sababu nikikaa bure nasinzia, na nikisinzia Déborah anateleza kitandani. Bado ananyonya, lakini ameshajua kutambaa.

21 Februari

Mvua. Noella analia tumbo. Nimemkanda na maji ya moto.

27 Februari

Sasa tumezoea. Pitchou anatengeneza vizito vya nyavu. Anavunja batri za gari zilizokufa, anayeyusha ile risasi ya ndani kwenye kopo la chuma, anaimimina kwenye vishimo alivyochimba kwenye udongo. Ikipoa, inakuwa vipande vizito ambavyo wavuvi wanafunga chini ya wavu ili uzame. Zamani alifanyia pwani, upepo ukipita. Sasa anafanyia hapa, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Moshi unanikereketa.

Lakini nimepata faida. Anayeyusha asubuhi, na akimaliza, makala ya mbabula bado ni mekundu, mimi nabandika maharagwe juu yake. Makala yamekuwa adimu tangu barabara ya milimani ikatike. Jirani yangu Pudentienne ananitania, ati niliolewa kwa ajili ya moto wa bure. Jioni alimletea Noella uji wa mtama. Yeye ni Mrundi wa kule kwenye uwanda wa Ruzizi, mafuriko yalimhamisha mwaka uliopita, ana watoto wanne wa kulisha, na bado anakumbuka wa kwangu.

4 Machi

Kituo cha afya. Wamesema malaria. Noella amekunywa vidonge akavitapika kwenye sketi yangu, tumemnywesha tena.

9 Machi

Malaria imekwisha, tumbo halijakwisha. Haendi choo. Mtoto wa miaka minne anakaa mlangoni kama bibi kizee, mikono tumboni, wenzake wanaruka madimbwi yeye anaangalia tu. Nilimwuliza jina la rafiki yake anayecheza naye kila siku. Akafikiri, jina halikuja.

Pitchou naye anashika tumbo. Amesema ni maharagwe. Nikamwambia basi awe anajipikia.

13 Machi

Kituo cha afya tena. Wamesema tifoidi. Ordonansi ndefu ya dawa. Kichwa kinaniuma tangu Jumapili, na maziwa yamepungua. Ni usingizi tu, mtoto ananyonya usiku kucha.

16 Machi

Mama mkwe wangu, mama Marie-Rose, amekuja kutoka Mulongwe, anakoishi na binti yake. Amemshika Noella kidevu, amemgeuza huku na huku, akasema mtoto amekuwa mweupe kama unga. Kisha akaniuliza nani anamlisha.

Nikasema mimi.

"Na nani mwingine?"

Yeye alikuwa anaangalia bakuli la Pudentienne lililokuwa juu ya meza.

Hakutamka neno mbele ya Pitchou. Alinifuata nje kwenye kamba ya nguo, akalitamka huko: karuho. Ile sumu inayoua polepole, ambayo watu wa kwetu wanaiogopa kuliko risasi za bunduki, inayowekwa kwenye kinywaji na mkono unaokuchekea. Anasema ndiyo maana yeye mzima, hajagusa chakula cha yule mwanamke.

Nimemwambia aache maneno hayo. Lakini bakuli nimelirudisha likiwa limejaa. Nilimwambia Pudentienne mtoto hana hamu. Ni kweli, hana. Sijui kwa nini nilimwambia nikiangalia miguu yake.

17 Machi

Siku nzima nimezunguka nyumba. Nafagia palipofagiwa.

20 Machi

Andika pole pole, Sabine.

Asubuhi Noella alikuwa amekaa jikoni karibu na baba yake. Nilikuwa nasugua sufuria. Nikasikia Pitchou anaita jina la mtoto, si kwa kelele, kwa sauti ya mtu anayeuliza swali. Nikageuka. Macho ya Noella yalikuwa yamepanda juu, taya limebana, mkono mmoja unapiga ardhi. Nilimlaza ubavu. Nilifikiri degedege ni ya homa, nikamshika paji: baridi. Hakuwa na homa hata kidogo.

Ilipokwisha alilala. Mama mkwe alifika na mwanamume mmoja mwenye chupa ya dawa ya kutapisha. Anasema inavuta karuho yote, unaiona kwenye beseni kama kamasi nyeusi. Pitchou alikuwa tayari amemwinua mtoto kichwa. Nikaweka mkono wangu kwenye mdomo wa mtoto.

"Mama, minye nakuheshimu. Lakini mutoto asiyeamka, hamutamumiminia kitu."

"Weye unataka afe na heshima?"

"Namupeleka hospitali, Lemera."

Ni mara yangu ya kwanza kumkatalia mama mkwe. Pitchou aliangalia mama yake, akaangalia mimi, akaenda kutafuta moto, pikipiki ya kukodi. Tulipanda watatu na dereva: mimi, Noella kifuani, Déborah mgongoni. Pitchou alibaki, ana nyavu za watu za kumaliza. Barabara ya Lemera imekuwa tope la kuteleza, mara mbili tulishuka tukatembea. Wazazi wangu wanakaa karibu na hospitali, juu ya mashamba ya mihogo. Nimefika nikiwa na udongo mpaka kwenye nyusi.

23 Machi

Hospitali. Wamepima malaria, hakuna. Wamechukua maji ya mgongo, safi. Damu iko chini sana. Daktari Habonimana ni kijana, anaongea kama anayehesabu maneno. Amesema hajui. Niliwahi kusikia waganga wengi, huyu ndiye wa kwanza kuniambia hajui.

30 Machi

Noella amekula ndizi. Zote mbili.

5 Aprili

Anakimbia. Anamfukuza jogoo wa baba yangu mpaka jogoo amehamia kwa jirani. Choo sawa. Jina la rafiki yake limerudi. Kichwa changu nacho kimeacha kuuma. Mama yangu anasema ni hewa ya milimani. Daktari amesema turudi nyumbani, ila ikianza tena nimpandishe siku hiyohiyo, na nije na baba yake pia.

8 Aprili

Nyumbani. Maji bado yako barabarani. Pitchou alinibebea mtoto kutoka kwenye pikipiki, mkono wake wa kulia ukamlegea, karibu amwangushe. Amesema amelalia vibaya.

Mama mkwe amesema ni maombi yake. Sikubisha, alikuwa analia kwa furaha.

14 Aprili

Noella ameuliza kwa nini hapati uji wa mama Niyonkuru. Niyonkuru ni kifungua mimba wa Pudentienne. Nikamwambia mama Niyonkuru ana kazi.

17 Aprili

Leo amekunywa. Pudentienne alimpa nikiwa bombani. Nimekuta bakuli tupu na mdomo wa mtoto wangu umepakaa uji, anacheka.

18 Aprili

Tumbo.

Sikulala. Mawazo yanazunguka palepale. Lemera hakunywa uji wa yule mama, akapona. Amerudi, amekunywa, anaumwa. Nani hawezi kuliona hilo? Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kujumlisha.

19 Aprili

Nimefanya jambo. Nimekwenda mpaka kwenye mlango wake na bakuli lake, nikaliweka chini, sikumpa mkononi. Wanawake wa bomba walikuwa wanapita. Nilimwambia asimpe tena mtoto wangu kitu chochote.

Pudentienne alikuwa anachambua mtama. Hakusimama.

"Sema yote, mama Noella. Usiache nusu ndani."

Sikusema. Sikuhitaji, wale wa bomba walishaelewa. Yeye alichota mtama mbichi kwenye ungo wake, akautia mdomoni, akatafuna akiniangalia mpaka akameza. Kisha akaendelea kuchambua.

Nimerudi nyumbani nikapika majani ya lengalenga nikayaunguza.

21 Aprili

Mama mkwe amewaambia watu wa kanisa. Vijana wamepita mbele ya nyumba ya Pudentienne wakirusha mawe juu ya mabati. Watoto wake hawakwenda shule.

22 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Noella anapepesuka akitembea.

23 Aprili

Degedege, mara mbili. Tumepanda Lemera wote wanne. Pitchou hakutaka. Nilimwambia daktari alisema baba pia, na kama hataki kupanda kwa ajili ya daktari apande kwa ajili yangu. Njiani hakuweza kushika mwavuli. Mkono ulikuwa unaning'inia kwenye kifundo kama ua lililonyauka, na bado anasema amelalia vibaya.

25 Aprili

Nimengoja mpaka nitulie ndipo niandike. Sijatulia, naandika hivyohivyo.

Daktari Habonimana alimwangalia Pitchou kabla ya mtoto. Alimwambia anyooshe mikono mbele. Wa kushoto ulinyooka, wa kulia ukaanguka kwenye kifundo. Akamwambia afungue mdomo, akavuta mdomo wa chini kwa kidole. Akaniita niangalie. Kwenye fizi, pale zinapokutana na meno, kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya kijivu, kama umechorwa na penseli. Nimelala karibu na mdomo huo miaka sita, sikuwahi kuuona.

Akamwuliza anafanya kazi gani. Pitchou akasema, kwa kiburi kidogo, kwamba nusu ya nyavu za Kalundu zinazama kwa mkono wake. Akaeleza batri, kopo, moto. Daktari akauliza anafanyia wapi. Pitchou akaniangalia.

"Jikoni," nikasema mimi. "Tangu ziwa lipande."

Daktari alisema moshi wa risasi ni sumu, na vumbi lake pia. Unakaa mwilini, unaingia mifupani, unakausha damu, unafunga tumbo, na kwa mtoto unapanda kichwani. Pitchou akacheka kwa hasira. Akasema basi mbona mtoto hashiki hata kopo, yeye humfukuza karibu na moto?

Hapo daktari akageukia kwangu. Aliniomba nimwambie ninavyopika, kuanzia kuwasha moto mpaka kuweka chakula kwenye sahani, nisiruke kitu. Niliona ni maswali ya kumchezea mtu. Lakini nikaanza. Siwashi moto, nasema, natumia makala yanayobaki kwa Pitchou. Nasafisha sufuria. Na nini? Na majivu, kama kila mwanamke. Nabandika maharagwe. Yakiwa magumu natia maji ya majivu, yanalainika haraka. Lengalenga pia, yanabaki kijani. Nachota majivu kwenye mbabula, nayaloweka kwenye bakuli, nachuja na kitambaa.

Kalamu yake ilikuwa imesimama.

"Majivu ya mbabula gani, mama?"

Nilifungua mdomo. Nikaona mbabula yetu, makombo ya kijivu yanayong'aa katikati ya majivu, ambayo nilidhani ni mawe ya makala. Nikaona mkono wangu unachota.

"Iko moja tu," nikasema. "Ya Pitchou."

Déborah alikuwa ananyonya. Daktari alimwangalia, akasema kwa upole kwamba na yeye atapimwa, na mimi pia. Kile kichwa changu, ule usingizi usiokwisha. Nilidhani ndivyo umama ulivyo.

Kwa hiyo nani alimlisha Noella? Mama mkwe aliuliza vizuri. Alikosea mlango.

26 Aprili

Pitchou ameshuka Kalundu bila kuaga mama yangu. Ameniambia kwamba risasi ndiyo ilimsomesha mdogo wake, ndiyo ilinilipia mahari, na sasa daktari mwenye mikono laini anamwambia ameua mtoto wake. Nikamwambia mtoto hajafa. Na kama ni kuua, mikono ilikuwa minne, miwili yake na miwili yangu.

Damu zetu zimepelekwa Bukavu. Dawa ya kuvuta hiyo kitu mwilini haiko hapa, daktari ameiandikia. Kwa sasa ni vidonge vya damu, maziwa, mboga za majani, na kutorudi. Hilo amelirudia. Mtoto akirudi kwenye nyumba ileile na udongo uleule, dawa ni bure.

28 Aprili

Noella amesimama. Ameniita "weye". Anajua mimi ni mtu wake, neno la kuniita ndilo haliji.

30 Aprili

Nimewaachia wazazi watoto, maziwa ya kopo kwa Déborah, nimeshuka peke yangu.

Sikupitia nyumbani. Nilikwenda bombani saa ya watu wengi, nikaweka ndoo kwenye mstari kama wengine. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yalianguka. Nikasema mtoto wangu aliumwa kwa majivu ya jikoni kwangu, yenye risasi ya mume wangu, niliyoyatia mwenyewe kwenye maharagwe. Nikasema mama Niyonkuru hakumpa isipokuwa uji. Mwanamke mmoja akasema labda yote mawili. Nikamwambia kama analo neno zaidi alitamke juu yangu, nipo mbele yake.

Kisha nikaenda kwa Pudentienne. Bati moja limetoboka kwa jiwe. Nilipiga magoti, nikaomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imefungwa kifuani.

"Mtoto anatembea?"

"Anatembea kidogo."

"Basi simama, unachafua sketi. Minye bado nina hasira, mama Noella. Itakaa kidogo. Usiniharakishe."

Sikumharakisha. Aliniambia jambo moja zaidi nilipokuwa nageuka: Pitchou yuko nyumbani, na hajawasha moto tangu ashuke.

Mama mkwe alinikuta barabarani. Alisema madaktari wanasomea mambo ya Wazungu. Nikamwambia kwamba watoto nitamletea Mulongwe awaone wakati daktari ataruhusu, ila yule mtu wa chupa nisimwone naye. Alikaza macho. Baadaye akaniuliza maziwa gani mazuri kwa damu.

7 Mei

Majibu ya Bukavu. Risasi imo kwenye damu zetu sisi wote. Ya Noella imepita ya baba yake. Daktari amesema nyingine itatoka, nyingine itakaa. Nikamwuliza kama atasoma shule. Akasema hajui. Nimeanza kulipenda na kulichukia neno hilo kwa pamoja.

11 Mei

Mvua inapungua. Noella amelia kwa hasira siku nzima, amerusha kikombe. Sikumpiga. Nimetoka nje nikachuma sombe, majani ya mihogo, la chakula cha familia kumi.

19 Mei

Pitchou amekuja. Alipanda kwa miguu kutoka kwenye uwanda kwa sababu moto za kukodi zilikataa tope. Nilimwona kutoka mbali kwenye njia ya mihogo, amevaa koti lake lile la kazi. Nikamkabidhi mama yangu Déborah, nikashuka nikamzuia kabla hajafika kwenye ua.

Alinieleza akiwa anapumua. Amechimba sakafu ya jikoni na ua mpaka kwenye udongo mwekundu, ameubeba kwenye magunia kwa mkono wa kushoto, ameufukia mbali na maji, mahali daktari alipomwelekeza kwa simu. Ameita wenzake wanaofanya kazi hiyo Kalundu, akawaonyesha fizi zake. Wawili walikuwa na mstari huohuo. Wanaomba wakubwa wa port wawape nafasi nje, juu, mbali na nyumba, lakini yeye hatarudi kwenye kopo. Anashona nyavu. Kwa mkono huo mmoja anashona kama mlevi, amesema, ila anashona.

"Nimefanya yote, Sabine. Tushuke."

Nilimwambia bado. Udongo utaangaliwa kwanza, na damu ya mtoto ipimwe tena, na kama daktari atasema mwaka basi mwaka. Nilidhani atakasirika. Alikaa chini kwenye tope.

"Basi nimuone tu."

"Na koti hilo?"

Akajiangalia. Niliona ameelewa. Kuna kijito chini ya shamba la baba yangu. Alikwenda, nami nikamfuata na sabuni na nguo za mzee. Alijisugua kichwa, masikio, shingo. Pale mkono wa kulia uliposhindwa, nilimsugua mimi. Koti nikalifunga kwenye mfuko, nikalining'iniza kwenye mti mbali na nyumba. Nikashika vidole vyake kimoja kimoja, nikaangalia chini ya kucha, nikamrudisha majini mara moja zaidi. Mwanamume huyu hapendi hata nimwambie afunge kifungo. Alirudi majini.

Suruali ya baba yangu inamfika kifuani. Aliifunga kwa kamba ya mgomba, akapanda nayo ameishika kwa mkono mzima.

Noella alikuwa mlangoni. Tangu degedege za Aprili, maneno yake yanakuja moja moja, na kati ya moja na lingine unaweza kwenda kisimani ukarudi. Alimtazama baba yake muda mrefu, kuanzia miguuni. Pitchou hakusogea. Nadhani aliogopa kama mimi, kwamba hatamjua.

"Papa," akasema Noella. Akasimama. Tukangoja. "Papa amevaa suruali ya babu."

Pitchou alicheka mpaka kamba ikalegea, akaidaka suruali, akachuchumaa hapo hapo akafunika uso. Noella akamwendea, anayumba kidogo upande wa kushoto, nami sikumshika.